Risala ya Jopo la Kunusa Mwani Siku ya Kuzindua Mashine ya Harufu

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa maabara, watafiti, na majirani zetu mliofika,

Sisi wanajopo wa kunusa tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama, nasi tunakuomba radhi kwa jambo moja. Ulipotupa mkono pale mlangoni, baadhi yetu tulivuta pumzi kidogo. Haukuwa utovu wa adabu, ni mazoea ya kazi. Manukato yako ni mazuri sana, ila ungekuja nayo siku ya Alhamisi, siku yetu ya kunusa, tungekurudisha nyumbani ukaoge.

TULIKOTOKA

Maabara hii huchemsha mwani, hutoa ute wake na kuukausha hadi uwe unga. Unga huo ndio unaoipa losheni uzito, na kuifanya sabuni ya maji isiwe maji matupu. Kero ya mwani ni harufu. Kwa hiyo watafiti huuchuja ute kwa jiwe la asili lililosagwa, lenye vitundu visivyoonekana kwa macho, ambavyo hunasa harufu ikabaki humo. Miaka ya mwanzo jiwe lilikuwa halichomwi vizuri ili vitundu viwe wazi, halinasi kitu, na mtaa wetu ulikuwa haukaliki.

Ndipo akatokea Shangazi Pua. Yeye ni dobi, na kibanda chake kimepakana na ukuta wa maabara. Jina hilo alipewa na watoto wa kaka yake, kwa kuwa hujua mtu amekula nini kabla hajavua viatu. Siku moja alianika mashuka ya wateja, yakakauka yakinuka mwani. Akayasomba beseni zima, akavuka geti, akalitua juu ya meza ya mtafiti mmoja binti ambaye sote humwita Daktari.

"Nusa," akamwambia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nusa."

Daktari akanusa. "Sisikii kitu."

"Husikii kwa sababu umezoea, mwanangu. Wewe mwenyewe unanuka."

Daktari hakununa. Alileta vikombe vitatu vyenye vifuniko, akamtaka aseme kipi kinanuka zaidi. Shangazi akataja kimoja. Vikachanganywa akiwa amegeuka, naye akakifuata kilekile.

"Njoo Alhamisi," Daktari akasema. "Ila Jumatano usile kitunguu."

"Na mume wangu?"

"Yeye ale tu."

"Basi Jumatano atalala sebuleni."

Hivyo ndivyo jopo lilivyoanza. Shangazi alimleta fundi viatu, fundi viatu akamleta muuza mitumba, na wengine tukafuata. Kila Alhamisi tunasali kwanza, kisha tunanusa. Kati ya kikombe na kikombe kila mtu hunusa mkunjo wa kiwiko chake mwenyewe, ili pua ipumzike, halafu anatoa alama. Sifuri ni safi, tano ni balaa.

Darasa la jioni nalo lilizaliwa kwa ubishi. Siku hiyo Shangazi alichungulia ubaoni akaona alama ya kikombe walichonusa yeye na fundi viatu.

"Mimi nimetoa nne," akasema, "fundi viatu katoa mbili, wewe umeandika tatu. Hiyo tatu katoa nani?"

"Hakuna aliyeitoa, shangazi. Ni wastani."

"Kwa hiyo mmeiokota."

Daktari akashika chaki amweleze wastani. Mgeni rasmi, chaki ile hajaiweka chini hadi leo. Baada ya wastani zikaja sehemu, zikaja hesabu za herufi, ikaja kemia. Vikombe vikishaoshwa, chumba cha kunusia hugeuka darasa, na siku hizi kila jioni kinajaa watu ambao shule iliwapita au wao waliipita.

TULIPOFIKA

Unga wa maabara hii sasa haunuki, na mashuka ya Shangazi yanakauka yakiwa mashuka. Hatusemi ni kazi yetu peke yetu. Hata hivyo tumeweka pua zetu rehani, na tumeachana na ugoro, sigara na manukato ya bei nafuu.

Hatujifanyi malaika. Fundi viatu aliwahi kuficha mafua, akiogopa kupoteza kiti chake. Siku hiyo kila kikombe alikipa sifuri, hata kile cha mwani mbichi, ambacho alikisifu kuwa kinanukia kama asubuhi. Tulimsamehe, lakini tangu hapo kila mmoja wetu anapiga chafya akiwa amejificha.

Jambo tunalomshukuru Mungu kuliko yote ni hili: Shangazi Pua mwaka huu anafanya mtihani wa taifa wa sekondari, na kemia imo. Alipoulizwa darasani jiwe linanasaje harufu, alijibu kwamba ni kama nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi vidogo. Harufu inaingia, inapata chumba, inakataa kuhama. Ukilichoma jiwe, wapangaji wanatoka na nyumba inapangishwa upya. Daktari alimpa alama zote, akamwomba kwenye mtihani asiandike wapangaji.

LINALOTUKOSESHA USINGIZI

Mashine uliyokuja kuizindua, itakayonusa badala yetu, tumeiombea dua kama tunavyoombea mgonjwa. Wachache wetu waliomba ikatae kuwaka. Wametubu, na iliwaka vilevile.

Tunakiri mbele yako kwamba inatushinda. Ilikamata harufu kwenye kikombe ambacho jopo zima lilikipitisha. Shangazi alikirudia kikombe kile, akafumba macho. Kisha akasema, "Ipo. Kwa mbali, lakini ipo." Kwa hiyo hatukuombi kazi. Mashine haichelewi, haiumwi mafua, wala haisengenyi wenzake.

Ila ina maringo. Haitaki jasho, haitaki marashi, haitaki pumzi ya mtu aliyekula kitunguu. Inataka chumba chenye kipoza hewa, madirisha yaliyofungwa, na mlango usiofunguliwa ovyo. Imepewa chumba chetu, na kuanzia Jumatatu darasa halina mahali. Tumejaribu kusomea kwenye kibanda cha dobi. Ubao tuliutundika kwenye kamba ya nguo, ukazunguka na upepo, na mashuka mabichi yakadondokea daftari za watu. Mtihani uko karibu. Shangazi hapendi kulalamika, lakini alimwambia Daktari maneno ambayo tumeona yakufikie: "Darasa nimelingoja tangu nina meno yote. Usiniambie ningoje tena."

OMBI LETU

Mgeni rasmi, tumezunguka jengo lote. Kipo chumba kimoja ambacho mashine ingekipenda kama kwao. Kina kipoza hewa, zulia na mapazia mazito. Madirisha yake hayajawahi kufunguliwa, na hakuna anayekaa humo mwaka mzima. Shangazi aliingia kusaidia kufuta vumbi, akakinusa pembe zote nne, akakipa sifuri.

Ndicho chumba cha wageni mashuhuri, ambamo umetoka kunywa chai.

Tulipomwomba Mkurugenzi, alituambia kwa upole kwamba chumba hicho hakigusiki kwa sababu ni chako. Hatubishani na wakubwa. Tukasema basi tumwulize mwenyewe.

Ukija tena, tutakupokea darasani. Utakaa kiti cha mbele, na chai utaletewa huko huko. Mashine ina magurudumu, na fundi viatu ameshayatia mafuta. Utepe bado haujakatwa, na unaweza kufungwa kwenye mlango wowote.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, akulinde safarini, ailinde nyumba yako, na akupe wepesi wa kutamka hilo ulilokwisha kulikubali moyoni. Amina.

Mkasi anao Shangazi Pua, ndiye aliyepangwa kukukabidhi. Atakuuliza tu mlango upi.

Ni sisi,
Wanajopo wa Kunusa, kwa niaba ya Wanafunzi wa Darasa la Jioni, ambao pia ni sisi.