Kinywani mwa Perege wa Mwisho

"Samaki wa mto huu hajawahi kunidanganya, na hatanidanganya."

Wasikilizaji wapendwa, hayo si maneno yangu. Mimi hata samaki wa kwenye sahani hunidanganya, namla kwa raha zangu, mara mwiba umekaa kooni. Hayo ni maneno ya mwanamke tunayemkumbuka leo. Aliyasema hapa hapa studioni, kwenye kiti hiki kilichopasuka, huku akijipiga kifua mpaka fundi mitambo akampunguzia sauti.

Karibuni tukae pamoja. Tunamkumbuka mtafiti wa samaki wa mtoni, ambaye mji mzima ulimwita Mama Perege. Mama Perege amefariki. Amefariki nyumbani kwake, mchana, akiwa usingizini, baada ya moyo kumsumbua kwa muda mrefu. Mumewe, fundi cherehani, alikuwa chumba cha pili akipinda suruali ya mteja. Alimsikia akikoroma kama kawaida yake, kisha akasikia kimya.

"Hakuhangaika hata kidogo," mzee ameniambia. "Ningemsikia akihangaika, leo usingenikuta nimekaa hivi."

Kwa hiyo leo hatutalia mpaka redio zipasuke, wasikilizaji wapendwa. Mwenyewe asingependa. Alikuwa akisema kelele huwakatisha samaki hamu ya kula.

Kazi yake ilikuwa kwenye kituo cha utafiti kilicho nyuma ya daraja. Chumba kirefu. Upande mmoja madirisha yanayotazama mto, upande mwingine matangi ya vioo yamepangwa ukutani, na pampu ya hewa inanguruma mchana kutwa. Mlangoni viatu vya mpira. Ukiingia na viatu vyako vya mjini, unafukuzwa kwanza, unasalimiwa baadaye.

Humo ndimo alimofundisha kila aliyepita, hata aliyekuja kuuliza njia ya zahanati. Alisema mto wa nchi za joto hauhesabu miezi, unahesabu kujaa na kupungua. Ukijaa, maji hutambaa mpaka kwenye nyasi, na samaki hufuata humo kutaga na kula wadudu. Ukipungua, hewa iliyomo majini nayo hupungua. Hapo kambare hupanda juu kumeza hewa kama sisi, na kamongo hujizika kwenye tope akasubiri mvua. Mwulizaji wa njia aliondoka anamjua kamongo vizuri sana. Zahanati sijui kama aliiona.

Lakini mapenzi yake yalikuwa kwa aina moja ya perege, mwenye mkia wa rangi ya shaba. Aliishi kwenye kipande kimoja tu cha mto wetu. Dume lake huchimba bakuli kwenye changarawe kwa mdomo. Jike hutaga humo, kisha huyaokota mayai yote na kuyaweka kinywani. Huyalea humo humo mpaka yaanguliwe. Muda wote huo hali chochote. Narudia kwa wanaopika huku wanasikiliza: mama analea kinywani, na hali.

Sasa, walikuja wachimba mchanga kule juu. Maji yakawa ya kahawia, tope likatua juu ya mabakuli yote ya madume. Majike wakakosa pa kutagia. Perege wa mkia wa shaba akaanza kutoweka. Mama Perege aliingia mtoni na wavu, akarudi na madume wachache na jike mmoja. Akarudi tena, na tena. Jike mwingine hakumpata. Jike mmoja, wasikilizaji wapendwa. Akifa huyo, basi, jina linabaki kwenye vitabu.

Jike huyo alimwita Bibi Harusi, kwa sababu kila dume lililomtandazia mapezi liligeuziwa mgongo.

Mama Perege hakukata tamaa. Akamtengenezea mvua. Alipunguza maji ya tangi kidogo kidogo mpaka yakawa kama ya kiangazi. Kisha akakinga maji ya mvua batini, na kila jioni akasimama juu ya kiti na kopo la kumwagilia, akimnyeshea samaki. Mkuu wa kituo alipita, akaona mtafiti wake mkubwa amepanda kiti ananyunyizia tangi, akarudi ofisini kwake kimya kimya.

Asubuhi moja Bibi Harusi hakula. Kidevu kimetuna. Kesho yake hakula. Mama Perege akamhamishia kwenye tangi la peke yake, asisumbuliwe na madume, akafunika kioo kwa kitambaa cheusi. Akatangaza kwa kila aliyekuwa na masikio: Bibi Harusi ana mayai kinywani. Na akatoa amri. Hakuna kumgusa, hakuna kumfungua mdomo, hakuna hata kupiga chafya. Jike akitishwa huyatema mayai, au huyameza.

Ndipo akaja studioni akajipiga kifua. Ndipo akanialika nikarekodi vifaranga wakitoka.

Binti yake wa pekee ni muuguzi. Alikua akifanyia kazi za shule katikati ya matangi yale. Alipita siku moja kumletea mama yake dawa za moyo, akachungulia chini ya kitambaa, akasema huyu samaki anakonda. Mama akamjibu anayelea kinywani lazima akonde. Binti akasema mgongo wake umekuwa kama kisu. Mama akamwambia wewe shika sindano zako, mimi nishike mapezi yangu. Binti akaufyata. Ukimjua mama huyo, nawe ungeufyata.

Siku ya kurekodi ikafika. Nilikuwa na kinasa sauti na shati la kupigia picha. Mkuu wa kituo alikuwepo. Mzee fundi cherehani alikuwepo, na binti alikuwepo, amenuna kwenye kona. Mama Perege akavuta kitambaa kama anazindua hospitali.

Bibi Harusi alikuwa chini, pembeni, akipumua kwa shida. Kifaranga hata mmoja hakuwepo.

Mama Perege alivaa miwani. Akainama. Tulimwona uso unavyobadilika, na sote tukajua kuna jambo, lakini jambo gani hatukujua. Baadaye alinieleza alichokuwa akitazama. Jike mwenye mayai huyageuzageuza kinywani, kidevu kinacheza kama anayetafuna, ili kila yai lipate maji safi. Kidevu cha Bibi Harusi hakikucheza. Kilikuwa kimetuna tu. Kwa siku zote zile aliogopa kumtisha, akachungulia haraka haraka na kufunika. Aliyajua mno mambo ya perege, na kujua kwake ndiko kulikokuwa kunamuua perege.

Akageuka kwa binti yake. Si kwa mkuu wa kituo, si kwangu.

"Mwanangu, nimekosea. Nawa mikono."

Mzee aliniambia kwamba tangu wafunge ndoa hakuwahi kulisikia neno hilo. Alipigwa na butwaa, ikabidi aulizwe mara mbili kama amebeba kibano chake cha kuvutia nyuzi. Alikuwa nacho mfukoni. Mafundi hawatembei mikono mitupu.

Binti alimshika Bibi Harusi kwenye sponji iliyolowa. Mama akamfungua mdomo kwa kidole. Nyuma ya meno, imekwama kooni, kulikuwa na kokoto. Bibi Harusi alikuwa akiokota chakula kwenye changarawe, akaokota na hiyo, ikagoma kutoka. Hakuwa analea. Alikuwa na njaa.

"Mshike kama mtoto aliyezaliwa leo," mama alisema. "Nikiteleza nampasua koo, na huyu hana dada."

Kibano kiliingia. Kikateleza. Kikaingia tena. Mimi nilikuwa nimeshikilia kinasa sauti, na baadaye nyumbani nikakuta nimerekodi mapigo ya moyo wangu mwenyewe. Halafu tukasikia kitu kinagonga bakuli la bati, ti. Kokoto, ndogo kuliko punje ya hindi.

Bibi Harusi akarudishwa majini. Akalala ubavu. Mama Perege akaweka mkono chini yake, akamsimamisha, akamwelekeza kwenye mapovu ya hewa. Mara mkia ukapiga. Mara nyingine. Akaondoka mkononi mwake, akajificha nyuma ya jiwe. Mkuu wa kituo akakaa chini, sakafuni, na suti yake.

Nikamuuliza Mama Perege niwaambie nini wasikilizaji wanaosubiri vifaranga.

"Waambie ni kokoto," akasema, akavua miwani akacheka mpaka binti akamshika kifua.

Jioni ile Bibi Harusi alikula mnyoo wake wa kwanza. Ilikuwa habari kubwa kuliko zote nilizowahi kutangaza, na mhariri akaikata.

Mama Perege hakujipiga kifua tena. Akapanda tena kiti, akamnyeshea tena mvua. Msimu uliofuata Bibi Harusi aliacha kula kwa mara nyingine, na safari hii hapakuwa na kitambaa cheusi. Kila aliyeingia aliitwa karibu na kioo, akaamriwa atazame kidevu. Kinacheza au hakichezi? Binti alitazama, mzee alitazama, hata mleta gesi alitazama. Kilicheza. Wakaanguliwa vifaranga, wakaja vizazi vingine. Huko juu, wachimba mchanga wakahamishwa, mvua zikasafisha changarawe.

Siku ya kuwarudisha mtoni Mama Perege alikuwa hawezi tena kuingia majini, moyo ulikwisha kuchoka. Aliketi ukingoni kwenye kiti cha plastiki. Mimi nilikuwepo. Binti yake aliingia na ndoo mpaka magotini, akaiinamisha. Bibi Harusi akatoka, na vifaranga wake wa mwisho wakimfuata kama vumbi. Kisha kambare mmoja mkubwa akatokea kwenye magugu. Wasikilizaji wapendwa, mimi mtangazaji wenu sikupepesa macho. Niliona kila kitu. Niliwaona vifaranga wakirudi kinywani mwa mama yao, mmoja mmoja, na mama akazama nao salama.

Wiki chache baadaye Mama Perege alilala mchana ule, hakuamka. Perege wa mkia wa shaba wako mtoni. Narudia: wako mtoni, na wanachimba mabakuli yao.

Kwa niaba ya kipindi hiki, natoa pole kwa mzee wetu fundi cherehani, kwa binti, na kwa wote wa kituo. Mungu awape subira, naye ampumzishe. Na wewe unayesikiliza, ukivuka daraja leo, simama kidogo utazame chini. Kuna mama huko anayeshinda njaa ili wanawe wapumue. Usimtupie takataka.

Kabla sijafunga, binti ya marehemu yuko nami hapa studioni. Dada, una neno kwa wasikilizaji?

"Ninalo. Asanteni kwa pole zenu. Na huyu mtangazaji wenu hakuona chochote. Kambare alipotokea alifumba macho, akaficha uso nyuma ya kiti cha mama, anaomba kwa sauti. Mimi nilikuwa mtoni nawatazama wote wawili. Mama alicheka mpaka machozi. Akamgonga begani, akamwambia, 'Fumbua, mwanangu. Wameingia wote.'"