Mashine ya Kuazima

Kijiwe chetu kiko Malaba, upande wa Kenya, pale malori yanapojipanga kusubiri kuvuka. Benchi ni moja, na jiko na kahawa ni vyangu. Wanaokalia benchi ni walewale: Kilometa, dereva wa lori aliyestaafu, Manifesti, wakala wa forodha asiyeonekana ofisini, na Antena, fundi wa simu. Asubuhi hiyo binti yangu Amoit alikaa mwisho wa benchi na laptopu, akitumia intaneti ya simu yangu. Alikuwa anafundisha kompyuta kutambua mahindi yenye kuvu kwa kuangalia picha. Mchana, wanunuzi wa mahindi kule Amagoro walitaka kuiona ikifanya kazi. Ikikubali, wangemwajiri. Ikikataa, angebaki hapa kuosha vikombe.

Ilikuwa inakataa.

Alinieleza hivi. Kazi yake iko kwenye daftari la mtandaoni, ukurasa wenye visanduku. Unaandika amri kwenye kisanduku, unabonyeza, jibu linatokea chini yake. Mashine yenyewe iko mbali, na ni ya kuazima. Kisanduku cha kwanza kinaweka PyTorch, programu ya kufundishia, na vingine vyote vinaitegemea. Lakini intaneti ikikatika kwa muda, mashine inachukuliwa, na ukirudi unapewa nyingine tupu. Tangu afungue laptopu alikuwa anaweka, inapotea, anaweka tena.

Kilometa alitaka kujua hiyo PyTorch inatoka wapi.

— Amerika, mzee.

— Basi ni mzigo wa transit, wa kupita tu, na umeshushwa njiani. Mimi nimeendesha. Najua mahali mizigo hushukia.

Manifesti alikataa. Kwake, kitu kikiingia nchini bila karatasi lazima kizuiliwe. Kilometa akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe ana lori la mitumba lililozuiliwa na hajaenda hata kuliangalia.

— Hiyo ni tofauti, boss. Hiyo iko na karatasi.

Antena aliwangoja wachoke. Kwa maoni yake mashine ilikuwa imechukia kuonyeshwa mahindi mabovu.

— Hata wewe ukiwekewa ugali wa kuvu asubuhi yote, si utahama?

— Itahamia wapi? Kilometa aliuliza.

— Kwa mwenye anaionyesha nyama.

Wakaanza kubishana kama mashine inaweza kusikia njaa. Amoit hakuinua macho.

— Mama, imeenda tena.

— Weka tena.

— Na nikifika Amagoro niwaambie nini?

Nikageukia maji yaliyokuwa yanachemka.

Ndipo akaja dereva mmoja wa kutoka Eldoret, Kiprono, ambaye sikuwa nimewahi kumwona. Alikunywa kahawa amesimama, akatoa simu alipe, akaiangalia.

— Mama, hapa mnashika mtandao wa Kenya ama wa Uganda? Yangu inarukaruka.

Hapa simu huvuka mpaka ukiwa umekaa, na hurudi kabla hujamaliza kikombe. Tumezoea, hatuangalii tena. Antena, ambaye watu humlipa kufunga simu zao zisiruke, aliangalia ndani ya kikombe chake.

Nilichukua simu yangu juu ya ndoo. Ilikuwa inasoma Uganda, na intaneti imekatika. Nikampa Antena. Akaingia kwenye mipangilio, akaifunga kwenye mtandao wa Kenya, akanirudishia.

— Nilikuwa nakuja hapo, alisema.

Amoit akarudi kwenye kisanduku cha kwanza. Kilometa aliuliza kitu gani hicho cha kuwekwa upya kila siku. Nikamwambia jiko hili nawasha upya kila asubuhi, na hajawahi kuniuliza moto wa jana ulienda wapi.

Safari hii visanduku vilijibu, kimoja baada ya kingine. Picha ya mahindi ikatokea, na chini yake neno moja: mbovu. Benchi lote likainama kuangalia.

— Hata mimi ningeona hiyo, Manifesti alisema.

Amoit alifunga laptopu. Kule Amagoro angeanza tena na kisanduku cha kwanza, na angehitaji intaneti, kwa hiyo akanyoosha mkono achukue simu. Nikampa. Akaenda stendi bila kuaga benchi.

Kiprono alikuwa bado amesimama, simu yake mkononi.

— Simu yako imeenda. Sasa mimi nalipa wapi, mama?

— Ukirudi.

Kilometa akanyoosha kikombe. Nikamwambia kahawa ya wabishi imeisha. Birika lilikuwa bado zito.