Ukurasa wa Saba

Hakuna aliyekumbuka nani aliuleta ule ubao pale Miyuji, kando ya njia wanayopita wanachuo. Ulikuwa ubao wa bodi ya lori uliowekwa juu ya matofali, na miaka ile ya tisini, serikali ilipokuwa ikipunguza watu kazini na kila mwenye kimeza akijiita mfanyabiashara, ulikuwa umekaliwa kuliko viti vya ofisi nyingi mjini. Mudrick, Mrangi wa Kondoa, alitua hapo na birika lake la kahawa kila siku saa tatu asubuhi. Alikuwepo Matonya, fundi baiskeli, waliyemwita Redio Mbao kwa kuwa habari zake hazikuhitaji betri. Alikuwepo Octavian, tarishi mstaafu aliyewahi kubeba makabrasha wakati wa vikao vya Bunge, wakamwita Hansadi. Na alikuwepo Nikodemo wa Ihumwa, mwenye tai na faili la kijani, huyo waliyemwita Afisa. Afisa alisema kazi yake ni ukaguzi wa nje, ndiyo maana haonekani ofisini. Kijiweni hakuna anayedai barua ya ajira, basi wakamwamini.

Kijiwe kile kilikuwa na mila yake. Mgeni akiketi, wiki nzima hasikii neno la kweli. Anafungwa kamba asubuhi mpaka kahawa iishe. Siku atakayogundua, akacheka, naye akatoa uongo wake wenye miguu na mikono, anapewa kikombe cha bure na kuhesabiwa mwenyeji. Mila nzuri tu, ila wakamfanyia Evodia, binti wa chuo, na Evodia hakuja kupiga soga. Alikuja na daftari. Mwalimu wao wa uandishi pale chuoni alikuwa amechoshwa na insha za faida za kupanda miti, akawaagiza wachague mahali penye watu, wakae wiki sita, waangalie, wasikilize, waandike wanayoyaona na kuambiwa. Hiyo ndiyo iwe insha.

Wiki sita zikapita. Alhamisi moja saa nne asubuhi akarudi, karatasi mkononi zimejaa wino mwekundu.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba! Matonya aliacha tairi alilokuwa akiliziba. Haya, lete tuone. Tumepata ngapi?

— Bado, mzee. Mwalimu kanirudishia nirekebishe. Naipeleka leo saa tisa.

Octavian alikwishazichukua zile karatasi. Akavaa miwani yake yenye mkono mmoja, akakohoa kama mtu anayesubiriwa na taifa.

— Sikilizeni. "Bwana H anaeleza kuwa Wajerumani walichimba handaki kutoka stesheni ya Dodoma mpaka Kondoa, na kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuliingia akitafuta mbuzi." Pembeni mwalimu kaandika: Vizuri! Maelezo ya kina.

Kijiwe kikaangua kicheko. Nikodemo naye akacheka, macho yake yakihesabu kurasa zilizobaki.

— We binti, hata handaki uliliandika?

— Si ulisema uliliingia, mzee?

— Nilisema. Kusema na kuingia ni mambo mawili.

— Na langu je? Matonya aliuliza. Lile la babu yangu kuchonga baiskeli ya mti kabla Mzungu hajafika?

— Hili hapa. Mwalimu kaandika: Safi sana, tafuta picha.

— Picha! Mwambie ililiwa na mchwa.

— "Birika la Bwana K ni urithi wa misafara ya kale." Uchunguzi mzuri.

Mudrick alilitazama birika lake kwa aibu.

— Nililinunua soko la Majengo mwaka jana, alisema. Nisamehe, dada. Hawa ndio walionifundisha.

Evodia hakucheka. Aliwatazama mmoja mmoja, na Nikodemo akaona jinsi mdomo wake ulivyojikaza kuzuia kilio.

— Kwa hiyo wiki zote sita mlikuwa mnanifunga kamba.

— Hiyo ndiyo heshima ya mgeni, binti, alisema Octavian. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi sisi tumepona kwa kucheka!

— Sawa, mzee. Nitaongeza "wanasema" mbele ya kila kitu. Hayo yatapona. Shida yangu ni ukurasa wa saba.

Nikodemo akainamia kikombe chake. Alijua kilichomo ukurasa wa saba kabla Octavian hajalowesha kidole na kuufunua.

— "Mmoja wa watu wa hapa hana kazi kwa mwaka na miezi minne sasa. Alipunguzwa serikalini. Mkewe hajui. Kila asubuhi anaaga kuwa anakwenda kazini, na mwisho wa mwezi anampelekea sehemu ya kiinua mgongo akiita mshahara. Kila alasiri, kabla ya kurudi, anafungua pedi ya wino wa muhuri aliyoondoka nayo ofisini, anajipaka kidole cha shahada, ili mkewe akimmiminia maji ya kunawa aone kuwa mumewe ametoka kazini."

Octavian akasogeza karatasi karibu na miwani, akasoma wino mwekundu.

— "Hakuna mtu anayefanya hivi. Hapa umetunga. Thibitisha au ondoa."

— Sikutunga, alisema Evodia. Niliambiwa hapahapa.

Wakatazamana. Halafu, kama kawaida ya kijiwe, badala ya kuona huruma wakaona kesi.

— Ni wewe, Hansadi! alisema Matonya. Wewe ndiye uliyekuwa serikalini.

— Mke wangu nilimzika mwaka wa themanini na tisa. Namdanganya nani, kaburi?

— Basi Mudrick. Mkewe yuko Kondoa, anadhani mumewe ni meneja wa benki.

— Mke wangu ndiye anayenikaangia kahawa na kunitumia, alisema Mudrick. Atadanganyika vipi?

— Mnafikiria kwa udogo, alisema Octavian, akainua kidole. Huyu si mtu hata kidogo. Hii ni serikali yenyewe! Tangu sabini na tatu, ilipotangaza kuhamia hapa, inaaga Dar es Salaam kila asubuhi, "mke wangu, nakwenda kazini Dodoma." Jioni inalala kulekule. Imejipaka wino tu!

— Hapo umeua! alisema Matonya. Lakini mimi naona mbali zaidi. Huu ni mtego wa wafadhili. Wanataka kujua nani walipunguzwa na hawajafa, ili wawapunguze tena.

— Tena waanze na ulimi wako.

— Mficha uchi hazai! Matonya alisimama. Kila mtu vidole hadharani!

Akatangulia kutoa vyake, na vilikuwa vyeusi tii kwa grisi mpaka kwenye viwiko. Wakacheka mpaka Octavian akavua miwani. Vya Octavian vilikuwa na rangi ya ugoro. Mudrick akaonyesha vyake, vimeungua hapa na pale. Nikodemo akabaki amekikumbatia kikombe kwa mikono yote miwili.

— Afisa mwacheni, alisema Matonya. Yeye ana kazi. Hata akiwa na wino, wake ni wa halali.

Nikodemo akacheka kuliko wote. Alijisikia akicheka, na alijichukia.

Mudrick akainamisha birika. Likatoa matone matatu na machicha. Kahawa imeisha. Matonya akaitwa na mteja mwenye pancha, Octavian akasema anakwenda kunyoosha mgongo. Ubaoni wakabaki Nikodemo na Evodia, na Mudrick hatua chache pembeni, akisuuza vikombe kwenye ndoo.

Siri ile Nikodemo aliitoa mwenyewe, Ijumaa ya wiki ya tatu tangu Evodia afike kijiweni. Mudrick alikuwa msikitini, wengine wamekwenda msibani Nzuguni. Evodia aliuliza swali la kawaida kabisa, "Baba, asubuhi zako huwa zinaanzaje?" na Nikodemo, ambaye kwa mwaka mzima hakuwa ameulizwa na mtu kitu akasubiriwa jibu, alijikuta ameanza na hawezi kuacha. Alimweleza meza yake ya masijala, majalada aliyoyajua kwa namba, barua iliyosomwa kwa sauti mbele ya watu kumi na tisa. Alimweleza wino. Msichana aliweka kalamu chini kwa heshima. Ni yeye Nikodemo aliyemwambia, "Andika. Iwe imeandikwa hata mahali pamoja." Siku ile alirudi Ihumwa mwepesi, akaimba njiani.

— Baba, alisema Evodia kwa sauti ya chini. Sikukutaja.

— Nimeona, mwanangu. Ahsante.

— Mwalimu anasema mwenyewe akiweka sahihi pembeni, bila hata jina, ukurasa unabaki. Anasema ikiwa ni kweli, basi hajawahi kusoma insha kama hiyo.

Akamnyooshea kalamu. Nikodemo akaipokea. Mkono wa karani una mazoea yake, ukiona karatasi unataka kusaini. Akauliza, ili kupata muda tu:

— Mwalimu wenu ni nani?

— Mwalimu Tumsifu. Anakaa kwenu kule Ihumwa. Anaimba kwaya.

Kalamu ikasimama. Tumsifu! Kila Jumapili Tumsifu na Dorkasi, mke wa Nikodemo, walisimama bega kwa bega sauti ya pili. Na sahihi ya Nikodemo, yenye mkia mrefu, ilikuwa chini ya kila muhtasari wa kikao cha usharika, kwa kuwa yeye ndiye katibu. Tumsifu angeitambua kabla hajamaliza kukaa kitini.

Akairudisha kalamu.

Evodia aliitazama kalamu, akamtazama yeye. Nikodemo aliona kitu kikibadilika usoni mwa yule binti, taratibu, akikumbuka handaki, na baiskeli ya mti, na birika la misafara.

— Baba, ile habari ni kweli? Au na wewe ulinifunga kamba?

Swali dogo namna hiyo. Mtoto wa darasa la kwanza angelijibu. Vikombe vya Mudrick viliacha kugongana ndani ya ndoo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini wao hawakuwahi kuipanda baiskeli kutoka Ihumwa mpaka Miyuji na kurudi, kila siku ya Mungu, kwa mwaka na miezi minne. Nikodemo alikuwa amechoka. Neno moja lingetosha. Alilitafuta, akaliona lilipo, akaliacha.

— Ilikuwa kamba, mwanangu.

— Hata wino?

— Hata wino.

Evodia akatikisa kichwa polepole. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

— Unajua, baba, kurasa zile nyingine niliziandika nikimfikiria mwalimu atasema nini. Hii peke yake niliandika nikimfikiria aliyeniambia. Nikadhani sasa nimejifunza kuandika.

Upepo wa Dodoma ukapita, ukatupa vumbi, ukataka kuzibeba zile karatasi.

— Nishikie hapa, baba, zisiruke.

Akaushikilia ukurasa wa saba juu ya ubao kwa kidole cha shahada. Evodia hakuchora msalaba mmoja mkubwa kama wafanyavyo walimu. Alifuta mstari kwa mstari, taratibu, kuanzia "Mmoja wa watu wa hapa." Kalamu ilikuwa imevuja kwa joto, wino ukatambaa kando ya mstari mpaka ukafika kwenye kidole. Nikodemo aliuona ukija. Hakukiondoa.

Alipomaliza, akakunja karatasi zake, akasimama, akapiga goti kidogo kama alivyolelewa.

— Haya, baba. Kazi njema.

Akaenda zake kuelekea chuoni. Mudrick akapanga vikombe vyake kimoja ndani ya kingine.

— Nikodemo, alisema, kwa mara ya kwanza akimwita kwa jina. Ungemwambia.

— Ningemwambia, alisema Nikodemo.

Asubuhi upepo humsukuma mtu wa Ihumwa mpaka mjini bila kutaka. Kurudi humpiga usoni. Alasiri ile alikanyaga pedali njia nzima akitamka peke yake, "Ni kweli, ni kweli, ni kweli," kwa sauti, na hakuna aliyemsikia ila mbuzi wa kando ya reli. Pedi ya wino ilikuwa ndani ya faili. Siku hiyo hakuifungua.

Saa kumi na nusu Dorkasi alimpokea baiskeli mlangoni, akapokea na faili.

— Pole na kazi.

— Nimeshapoa.

Akaleta maji kwenye jagi, akammiminia. Wino haukutoka. Dorkasi akakishika kile kidole, akakisugua kwa gumba lake, kwa upole, kama anavyofanya siku zote.

— Leo mmeandika sana, mume wangu.

— Leo tulikuwa tunafuta, alisema Nikodemo.

Dorkasi akacheka, akidhani ni mzaha wa ofisini, akaongeza maji.