Jike la Kwenye Tanuri

Dhoruba ya jana ilikuwa imemwangushia hornero, ndege wa tanuri, nyumba yake kutoka juu ya nguzo ya umeme, na sasa nyumba hiyo ilikuwa juu ya benchi la stesheni ya reli ya mji wa Maciá, kitanuri cha udongo kilichopasuka katikati. Mlango wake ulikuwa umezibwa kwa udongo. Ndani mlikuwa na ndege mmoja, mfu. Anselmo Retamar alikuwa akimimina maji ya moto kwenye kibuyu cha yerba, chai ya kwao inayofyonzwa kwa mrija. Alfajiri alikuwa amebadilisha kitasa cha nyumba yake. Mkewe, Eulalia, alikuwa mji wa Nogoyá kwa dada yake, leo anarudi kwa basi, na watu walisema huko alicheza dansi na mwanamume. Watu gani? Si hawa hawa rafiki zake wawili wa benchi, Kipara na Njiti!

— Jike hilo, alisema Kipara. Lilitoka nje ya ndoa, dume likalizibia humo humo.

— Babu yangu alishuhudia, akadakia Njiti. Dume liliita kwanza mashahidi. Saba, wamejipanga kwenye waya.

— Saba?

— Na mmoja padri.

— Toka hapa, mwongo wewe!

— Haki ya Mungu! Ndiyo maana wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kimeingiaje hapa, Njiti?

— Udongo, bwana. Donge kwa donge mpaka mlango ukafunga.

Kipara akamgeuza ndege kwa kidole.

— Manyoya yenyewe yanasema. Mgongo rangi ya kutu, sawa. Lakini koo jeupe hivi? Unafiki huo. Na mkia umekolea kuliko mgongo. Mkia wa kutamani macho ya watu. Anselmo, hata ndege ana msimamo. Umefanya jambo la kiume.

Anselmo hakucheka. Alitaka sana kuamini, na moyo ulikuwa unamuuma.

— Kumbe mko hapa.

Eulalia alikuwa amesimama nyuma yao, begi begani, ufunguo usioingia tena mlangoni ukiwa mkononi.

— Karibu, shemeji! Kipara akababaika.

Eulalia alimwokota ndege, akamfuta vumbi kifuani.

— Mmejuaje kwamba ni jike?

Kipara na Njiti wakageukia reli. Kwenye reli ndege wawili wa aina ile walikuwa wakitembea, mgongo ule ule, koo lile lile, mkia ule ule. Wazee hawa walizaliwa wakawakuta, na hakuna aliyewahi kujua yupi ni jike, yupi ni dume.

— Eulalia, nisamehe, Anselmo alisema. Nimekosa mimi. Kitasa nakiondoa sasa hivi.

Akajaza kibuyu, akampa kwa mikono miwili. Eulalia alikunywa akiwa wima, mpaka mrija ukakoroma. Kwao mtu hashukuru akiwa bado anataka. Akisema asante, ametosheka, hamiminiwi tena.

Akamrudishia kibuyu.

— Asante, Anselmo.

Akaweka begi sawa begani, akarudi lilikokuwa basi la kwenda Nogoyá.