Fundi wa Ukuta wa Mashariki

Lori lililobeba magodoro, kuku wanne na familia ya karani wa posta liliingia mjini humu asubuhi ya tarehe 9 Januari 1962, baada ya pancha mbili na dereva kukauka koo kwa kuuliza njia. Hakuna aliyekuwamo ambaye alikuwa amewahi kuuona mji huu. Juu ya mizigo alikaa marehemu, binti wa miaka tisa, na mgongoni alikuwa amembeba mdogo wake wa miaka mitatu, ndiye anayesoma wasifu huu. Walipopita mbele ya Jumba la Mji, lenye nguzo sita na ngazi pana, mtoto aliuliza kama hapo ndipo watakapolala. "Hapo ni pa watu wote," dada yake akamjibu. "Wewe utalala kwa baba."

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Agosti 1952, wa kwanza kati ya watoto wawili. Mama yao, mshonaji nguo, alikuwa akisema kwamba binti huyu alitambaa kuyafuata matope kabla hajatambaa kumfuata mtu.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya soko hadi mwaka 1967, kisha akaingia chuo cha ufundi, msichana peke yake katika darasa la uashi. Siku ya kwanza mwalimu alidhani amepotea.

"Binti, darasa la ushonaji liko ng'ambo."

"Najua, mwalimu. Lakini mama yangu tayari anashona, na nyumba yetu bado inavuja."

Alimaliza mwaka 1970 akiwa wa pili. Aliyekuwa wa kwanza alikuja baadaye kumwomba kazi, na Fundi alimpa, ila hakumwacha asahau.

Februari 1971 aliajiriwa na idara ya ujenzi ya halmashauri. Mwaka 1974, akiwa na miaka ishirini na miwili, alikabidhiwa ukuta wa mashariki wa Jumba la Mji aupige lipu upya. Aliumaliza kwa siku tisa. Mkuu wake alimsifu mbele ya wenzake wote. Kwa miaka ishirini na minne iliyofuata, kila alipopita upande ule aliangalia kwingine, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Ndoa yake ilikuja kwa mlango wa nyuma. Mwenye duka la vyakula alimwita mara tatu kuziba ufa uleule kwenye ghala lake. Mara ya nne Fundi aliutazama ufa, akamtazama mwenye duka, akasema, "Bwana, ufa huu unauchokoa kwa msumari. Kama una neno, sema." Alikuwa nalo. Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1977 mbele ya msajili, ndani ya Jumba la Mji, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume. Mdogo wake alikuwa amekwisha kuanza kutangatanga duniani. Kutoka kila mji alimtumia postikadi ya jengo maarufu, na kila mara alijibiwa namna moja: "Nimeipata. Pazuri sana. Upande wa kushoto pana ufa."

Mwaka 1998 kipande cha lipu kilidondoka kutoka ukuta wa mashariki wakati ndoa ikifungwa, kikamkosa bibi harusi kwa shubiri moja. Bwana harusi alisema hiyo ni ishara. Bibi harusi alisema hiyo ni lipu, endeleeni. Wiki ile Jumba lilifungwa, pamoja na maktaba na mahakama zilizokuwamo. Meya akapendekeza kodi ya mauzo ipande kutoka asilimia tatu hadi nne, nyongeza yote ikarabati majengo ya zamani ya umma, na wananchi wapige kura. Nyumbani kwa marehemu meza ya chakula iligawanyika. Mke alitaka kodi, mume aliikataa, watoto walikula haraka na kutoka.

Mkutano wa hadhara ulifanyika katika ukumbi wa shule. Meya alianza na methali ya asiyeziba ufa. Mwenye duka akainuka.

"Mheshimiwa, methali hiyo tunaijua tangu tukinyonya. Tunachouliza ni kwa nini ufa uzibwe na mwenye kununua kibaba cha unga."

Watu walipiga makofi. Ndipo muuza viatu aliyeitwa Kisigino, ambaye ulimi wake haukuwa na breki, akamgeukia marehemu. "Na wewe Fundi, mbona kimya? Kodi ikipita, kazi si utapewa wewe? Mwamba ngoma huvutia kwake!"

Marehemu alisimama. Mumewe alimvuta gauni. Akautoa mkono wa mumewe taratibu.

"Kisigino, unajua nusu tu. Ule ukuta uliotaka kumwua bibi harusi niliupiga lipu mimi."

Akawaeleza. Mwaka 1974 aliambiwa atumie chokaa. Chokaa cha kazi ile huzimwa kwa maji shimoni na kuachwa miezi mitatu ndipo kiwe laini. Chake kilikuwa na wiki tatu, mvua zilikuwa karibu, naye alitaka sifa. Usiku mmoja hakulala. Asubuhi akachanganya saruji.

"Saruji ni ngumu, inapendeza, inakauka upesi. Lakini kuta zile za mawe zinapumua. Mimi niliuziba ukuta pua, na unyevu ukabaki ndani ukiula. Mficha uchi hazai, ndugu zangu. Lawama ni yangu. Sasa kama kodi itapita, kazi mpeni yeyote mnayemwamini, ila msimruhusu ashike mwiko kabla chokaa hakijatimiza miezi mitatu. Na ukuta wa mashariki, mkikubali, nitaurudia bila malipo."

"Na tusipokubali?" akauliza Kisigino, sauti yake imepungua.

"Basi nitakuwa nimestahili."

Mwenye duka aliinuka tena, safari hii polepole. Alisema unga, sabuni na dawa visiguswe, na kodi iandikiwe siku ya kufa, miaka sita, isizidi hata asubuhi moja. Meya, aliyekuwa akitafuta pa kushika, alikubali papo hapo.

"Kwa hiyo sasa unatuunga mkono?"

"Hapana. Nitapiga kura ya hapana. Mimi nina duka."

Kodi ilipita kwa kura arobaini na moja. Siku ilipoanza, mwenye duka alibandika karatasi mlangoni: BEI IMEPANDA. MAELEZO ANAYO MKE WANGU. Wateja walikuwa wakivuka uani kumtafuta, naye aliwaeleza mmoja mmoja, mikono imejaa sabuni ya vyombo.

Halmashauri ilibishana wiki nzima kama mtu aliyeharibu aaminiwe kutengeneza. Mwishowe alipewa ukuta ule peke yake, kwa majaribio. Alichimba shimo, akazima chokaa, akangoja. Wapita njia walimtania, "Fundi, supu haijaiva tu?" Akawajibu, "Aliyeonja mbichi ni mimi." Miezi mitatu ilipotimia alianza kazi, na hiyo ilimchukua wiki kumi na moja badala ya siku tisa. Mvua mbili kubwa zilipita, ukuta ukakaa. Ndipo alipokabidhiwa jengo zima, na baadaye shule ya zamani na posta alipofanyia kazi baba yake. Kodi ilikufa siku yake mwaka 2004. Mwenye duka alifungua saa kumi na mbili asubuhi ili ashushe bei kwa mkono wake.

Mapafu yalianza kumsumbua Mei 2021. Alilazwa mara tatu. Alimwambia nesi kwamba dari ya wodi ilipakwa na mtu mwenye njaa. Siku moja alimwuliza mumewe, "Leo ungepiga kura gani?"

"Hapana."

"Vizuri. Ungebadilika kwa kunihurumia, ningejua nakufa."

Alifariki Jumapili, tarehe 19 Novemba 2023, alfajiri, mumewe akiwa pembeni. Alikuwa na miaka sabini na mmoja.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, mdogo wake, na mafundi kumi na mmoja aliowafundisha kungoja. Halmashauri imeruhusu mwili wake ulazwe hapa, kwenye ukumbi wa Jumba la Mji, kando ya ukuta wa mashariki. Yeyote anayetaka kuugusa na auguse, ni mkavu.

Gari liko mlangoni. Maisha yote ni mdogo wake aliyekuwa akiondoka na dada akibaki ngazini kumpungia mkono. Leo dada anatangulia, na mdogo wake anabaki ngazini.

Apumzike kwa amani, na safari hii asiharakishwe na mtu.