Ploti ya Kinamasi ya Mwalimu Munguti

Padre, majirani, na nyinyi mliokuwa wanafunzi wake, mimi ni Musila, kifungua mimba, familia imeniomba niwasomee maisha ya baba yetu, na nitayasoma yote, hata pale ninapoona haya.

Mwalimu Cosmas Munguti Ndambuki alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 huko Mukaa, akasoma shule ya msingi hapo hapo, kisha akaingia seminari, ambako upadre ulimshinda lakini Kilatini kilimkubali, akakifundisha tangu Januari 1974 hadi alipostaafu mwaka wa 2008. Tarehe 7 Agosti 1976 alimuoa mama yetu, Kathini, wakajaliwa mimi na Nthambi.

Wanafunzi wake mnalikumbuka neno palus, yaani kinamasi, kwamba ni nomino ya kike, wingi wake paludes, na kwamba likisimama peke yake linaficha herufi d, mpaka useme paludis, "ya kinamasi", ndipo shina lijitokeze, kwa hivyo alikuwa akiwaonya msiliamini neno kabla ya kuliona umbo lake la pili.

Septemba 2019 nilimshawishi auze shamba la Mukaa tununue ploti hapa Isinya, nikamleta aione wakati wa kiangazi, udongo mweusi umepasuka, vumbi tupu. Baba aliinama, akang'oa tete lililokauka, akamwambia broka kwamba hii ni palus, akaanza kumfafanulia neno lenyewe tangu mwanzo, broka akacheka, nami nikasema mbele ya watu wote, "Baba, wacha hiyo Kilatini yako, unatuaibisha." Alitia sahihi, na hakunitamkia tena neno la Kilatini maishani mwake.

Aliugua mapafu Februari 2024, akalazwa Kitengela, akafariki Ijumaa tarehe 3 Mei. Jana vijana walichimba kaburi kwenye ploti yetu, walipofika kiunoni maji yakapanda, wakahamia kona nyingine, yakapanda tena. Sisi Wakamba mtu huzikwa kwake, na mimi nimemnyima baba yangu kwake mara mbili, kule Mukaa na hapa. Mzee Ngugi, jirani yetu, alikuja mwenyewe bila kuombwa, akatuonyesha mahali kwenye mwinuko wa shamba lake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, majirani mliochimba mara tatu, na Mzee Ngugi, ambaye hata sijui nitamtazamaje usoni.

Baba, ulisema, nikakunyamazisha. Pumzika pakavu.