Pale Sala ya Papa Yenu Ilikatikia

Jean-Luc, Astrid, batoto yangu, mukaribie kitanda na musinikate maneno, sababu pumzi yenye imebakia ni kidogo na sitaki kuimaliza kwa kubishana.

Shamba ya huku Kalembe iko yenu wawili, upande wa maharagi kwa Astrid, upande wa muhogo kwa Jean-Luc, na ile migomba ya katikati mutakula pamoja hata mukinuniana. Mbuzi dume apewe jirani yetu Papa Sebahire, mwenye alituchungia mbegu chini ya udongo wakati tulikimbia, na hakula hata punje. Hiyo imekwisha. Sasa munisikilize muzuri.

Kila asubuhi, mbele ya kufungua mulango, muliniona nimekaa pembeni ya mafiga, macho nimefunga, mudomo kimya. Wamama wa chumba ya maombi walisema Sidonie hana Mungu, hapigi hata alleluya. Wewe Jean-Luc ulizani ninasinzia, ukanicheka mpaka na mimi nikacheka. Nilikuwa ninaomba. Na ninyi muliomba vile mukiwa wadogo, kwenye njia ya Itebero, wakati tulilala chini ya majani na kila muntu aliomba bila sauti, sababu wenye bunduki walisikia hata mutoto akikohoa. Mulisahau. Mwili wangu haukusahau.

Ile siku walikaribia, tukasikia miguu yao kwenye matope, na Astrid kikohozi kilikuwa kinamupanda. Papa yenu Honoré aliniangalia, akatufunika shiting, ile plastiki ya wakimbizi, mpaka usoni, akasimama, akaenda upande wa muto akiomba Baba Yetu kwa nguvu, kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe. Wakamufuata yeye. Mimi nilifuata sala yake ndani ya kifua, neno kwa neno, mpaka akafika pale tunaomba tusamehewe. Pale pa kusamehe wengine hakufika. Walipiga bunduki, kisha nikasikia mvua tu.

Tangu ile siku sala yangu inakatika palepale. Ninaanza muzuri, ninafika, ninasikia sauti yake inakatika, na maneno yenye inafuata inakataa kutoka. Nilimwambia Mungu, siwezi. Nilimutukana pia, musishangae. Lakini kila asubuhi nilirudi palepale, na polepole nikaanza kumuelezea mambo ingine: homa ya Astrid, maharagi yenye ilioza, woga wangu kila mvua ikinyesha. Hakunikimbia. Ndiyo vile nilimujua Mungu, kwa kukaa na yeye mahali pabaya.

Jean-Luc, ninajua nguo zako ziko tayari ndani ya mufuko. Ninajua vijana wa kule mulimani walikuita, na unangojea tu unizike, uende ukamulipizie Papa yako kisasi. Siwezi kukufunga kamba. Ninakuomba kitu moja: kila asubuhi, mbele ya kushika kitu yoyote mukononi, ukae pembeni ya mafiga, umwambie Mungu mambo yenye iko ndani ya roho yako, hata kama ni mbaya, kisha uombe mpaka mwisho. Pale usiruke. Ikikatika, bakia hapo na yeye. Usitoke nyumbani na nusu ya sala kinywani.

Munizike karibu na migomba, bila maneno mingi. Mungu mwenye alikaa na mimi akae na ninyi, Astrid na mimba yako, Jean-Luc na hasira yako, awachungie mulango na njia.

Munipe mikono. Tuombe, leo kwa sauti. Baba Yetu... polepole, Astrid, nifuate... ndiyo... ndiyo, vile.

Tumefika pale. Papa yenu amenyamaza, munasikia? Na mimi pumzi... Jean-Luc. Endelea wewe, mwanangu. Endelea.